Vidonge vya Kunitoa Sigara

Kidonge cha kwanza nilikilamba kabla sijameza kingine. Nilikuwa nimekaa kitandani Mikinduri, katika chumba cha mabati nilichokuwa nimepanga nyuma ya posho mili ya kusagia mahindi, na nilitaka kujua ndani yake kuna nini. Hiyo ndiyo tabia yangu. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu malori ya mbao yalikuwa yakipita karibu na darasa letu kila siku, na hakuna mwalimu aliyeweza kuniambia yanaishia wapi. Nikapanda moja, nikaenda kuona. Tangu hapo nimechimba mchanga, nimepasua mbao, nimebeba magunia ya kahawa kiwandani, nimelinda nyumba ya tajiri ambaye hata sura yake sikuwahi kuiona. Kitu kipya kikifika mkononi mwangu, nakifungua kwanza.

Daktari alikuwa amenikataza kuvikata. Nikakata kimoja kwa wembe. Ndani kilikuwa cheupe tu. Nikakigusisha ulimi, na baada ya muda mfupi ncha ya ulimi ikafa. Niliibana kwa meno na sikusikia kitu, kana kwamba nauma kiatu cha mtu mwingine.

Niliogopa. Nilijiambia, kama ulimi umeguswa tu umekufa, kichwa je? Kwa maana daktari alikuwa ameniambia dawa hii haina kazi na kifua. Inaenda kichwani, kule ambako hamu ya sigara inakaa, na kuizima. Sikuwahi kufikiri kwamba hamu ina mahali inapokaa. Nilikaa pale nikijiuliza ni nini kingine kinakaa karibu nayo, na kama dawa ina macho ya kuchagua.

Zile nusu mbili nilizitupa chooni. Nikatoa kidonge kizima, nikakimeza na maji huku nikiangalia ukuta.

Aliyenifikisha hapo ni dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu na ndiye aliyebaki kwenye shamba la wazazi wetu Kanja, upande wa Embu, akilima kahawa na migomba wakati mimi nazunguka. Nilikuwa nimeenda kumsaidia kupanda mvua ilipoanza. Asubuhi ya kwanza alinikuta jikoni nikiwasha sigara kwa kaa la moto.

"Jana usiku nilisikia kitu kinalia filimbi nyuma ya ukuta," akasema. "Nikadhani ni paka mgonjwa. Nikatoka na fimbo. Kumbe ni wewe umelala."

"Ni baridi ya huku kwenu."

"Huku kwetu? Wewe ulizaliwa wapi, Mombasa?"

Siku hiyo tulishuka mtoni kuchota maji. Wakati wa kupanda nilikaa chini, nikainuka, nikakaa tena. Dada alikuwa na mtungi mgongoni, ameufunga kwa kamba kichwani kama mama zetu walivyofanya, na mimi nilikuwa na mikono mitupu. Aligeuka akanisubiri. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na hofu, kwa sababu dada yangu hucheka kila kitu.

"Baba alizeeka mpaka meno yakaisha," akasema. "Wewe unataka kwenda na meno yote?"

Alinipeleka Embu mjini, kwenye kliniki ambayo mtu wa kanisani kwake alikuwa amemsifia. Walipima kohozi, wakapiga picha ya kifua. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo kutoka magharibi ya nchi, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno limekaa mahali pake. Alisema si kifua kikuu. Dada akashusha pumzi. Daktari akasema asishushe pumzi bado.

"Una mapafu ya mzee," akaniambia, "na wewe si mzee. Ukiacha sasa, hayatarudi yote, lakini yatasimama hapo yalipo. Usipoacha, siku moja utakuwa unahema kwa kuvaa shati tu."

Neno lile la shati liliniingia. Nilijiona nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya shati na mwingine nje, nimeshindwa. Nikamwambia nimejaribu kuacha mara nyingi. Nimetafuna karafuu. Nimekunywa maji mpaka tumbo likalia. Niliwahi kusimama mbele ya kanisa zima nikaapa, na kabla sadaka haijamaliza kuzunguka nilikuwa nyuma ya choo cha kanisa na kipande mdomoni.

"Basi tujaribu na dawa," akasema. "Lakini kwanza nikuulize. Umewahi kuanguka kifafa?"

"Hapana."

"Umewahi kugongwa kichwa ukapoteza fahamu?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Ya harusi tu."

"Na muguka? Hapa Embu namuuliza kila mtu. Usinidanganye, najua kuangalia mashavu."

Dada alicheka. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kidogo, nafikiri, kama mtu aliyetukanwa.

"Sili muguka, daktari."

Na ulikuwa ukweli. Msomaji ambaye hajakaa kati ya Embu na Meru hana budi kuelezwa. Muguka ni majani madogo ya kichaka yanayolimwa huku Embu na Mbeere. Mtu anajaza shavu, anaongeza njugu au chingamu, anatafuna mchana kutwa. Mimi kwa miaka kadhaa nilikuwa nikifanya kazi Mikinduri, huko Tigania upande wa Meru, kwenye miti ya miraa. Miraa ni vijiti. Inavunwa kwenye miti mirefu, mingine ilipandwa na mababu wa mababu, inafungwa vizuri kwa majani ya mgomba, na mtu akitaka kuposa hupeleka kibunda cha miraa kwa wazee wa msichana kabla hajafungua mdomo. Kule Tigania mtu akikuuliza kama unakula muguka ni kama kumuuliza mwenye ng'ombe kama anakunywa maziwa ya punda. Mimi nilizaliwa Embu, lakini majivuno hayo niliyachukua mazima mazima, kama wanavyofanya wageni. Miraa haikunijia akilini kabisa nilipoulizwa. Ilikuwa kazi yangu, na vijiti nilivyotafuna nikiwa kazini vilikuwa kama chai.

Daktari akaandika. Akanieleza kwamba siku za kwanza nimeze kimoja asubuhi na niendelee kuvuta kama kawaida. Hilo lilinishangaza, dawa ya kuacha sigara inayomezwa huku unavuta. Halafu nichague siku ya kuacha, niongeze kidonge cha pili alasiri, kisikaribie saa ya kulala. Nisikate, nisisage.

"Na ukiona mwili unatetemeka sana," akasema, "au umepotewa na akili hata kidogo, acha mara moja uje."

"Inaweza kunipoteza akili?"

"Kwa watu wachache sana. Ndiyo maana nimekuuliza maswali."

Nilirudi Mikinduri na vidonge mfukoni na neno hilo la watu wachache likiwa limekaa nami. Maisha yangu yote nimekuwa kati ya watu wachache. Wachache walioacha shule, wachache wasio na shamba, wachache wasio na mke. Sikuona kwa nini hili linipite.

Siku za kwanza dawa ilifanya kitu ambacho sikukitarajia. Sigara ilianza kupoteza ladha. Nilivuta ya asubuhi, ile ambayo mvutaji huiwaza kabla hajafungua macho, na ilikuwa kama kuvuta karatasi ya simenti. Nikaibadilisha, nikanunua ya aina nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nikaizima nusu. Sijawahi kuzima sigara nusu isipokuwa nimeitiwa kazi. Ungefikiri nilifurahi. Niliogopa kuliko siku ya ulimi. Kitu nilichokipenda tangu ujana kilikuwa kinaondoka, na si mimi niliyekifukuza. Kuna mtu alikuwa ameingia ndani ya kichwa changu anahamisha vyombo, na sikujua atasimama wapi. Nilijaribu vitu vingine kuona kama navyo vimeguswa. Nilikula nyama choma, ikawa tamu. Nikamfikiria mama, nikaumia moyo kama kawaida. Nikasema sawa, basi, bado nipo.

Siku ya kuacha niliichagua iwe ya soko, ili kelele zinisaidie. Nikagawa zilizobaki kwenye pakiti kwa wapakizi. Nikaanza vidonge viwili.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hofu yote ilikaa pale. Tunaamka kabla ya jua. Mti wa miraa hupandwa bila viatu, kwa sababu gamba linateleza na nyayo zinasikia tawi lililooza kabla hujalikanyaga. Ile mikongwe ni mirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Unapanda mpaka matawi yanakuwa membamba kama mkono wa mtoto, na hapo juu kabisa ndipo vile vichipukizi vyekundu vizuri vinapokuwa. Unavichuma kwa vidole, unaweka kwenye mfuko uliofungwa kiunoni, na mguu mmoja unafanya kazi ya mkono. Chini mwenzako anapanga kwa urefu na kufunga. Na unapochuma, unatafuna. Hakuna anayekukataza. Mchumaji asiyetafuna hushukiwa ana ugonjwa.

Nilipoacha sigara mdomo wangu ulibaki bila kazi. Basi nikaupa kazi. Nilitafuna kabla ya chai, nikatafuna juu ya mti, nikatafuna nikishuka, nikatafuna tukisubiri pikapu. Mwenzangu wa chini, mwanamume wa Tigania aliyenizidi umri na aliyenifundisha kazi, aliliona.

"Wewe siku hizi unakula faida yote ya tajiri wetu," akasema. "Utamwachia nini, majani ya mgomba?"

"Nimeacha sigara."

"Umeacha sigara ukaoa miraa. Mahari umelipa?"

Wote waliokuwa pale wakacheka, hata mimi. Lakini mkono wangu uliokuwa umeshika kijiti ulikuwa unatikisika, na nikauficha mfukoni.

Ulianza hivyo, mkono. Halafu mdomo ukawa mkavu kiasi kwamba ulimi uligandana na kaakaa. Moyo ukawa unakimbia nikiwa nimekaa. Usingizi ulikatika kabisa. Nilikuwa nikilala chali nasikia damu inavyogonga masikioni, na kulipokucha nilishukuru kwamba kuna kazi. Sikujua nimlaumu nani. Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Mwenye posho mili alisema ni mwili unaililia sigara, utazoea. Mama wa chai alisema nimepungukiwa damu, akaniongezea maziwa. Mwenzangu alisema ni hivyo vidonge, na kwamba dawa yoyote inayoingia kichwani hairudi mikono mitupu. Hakuna aliyetaja miraa. Nani angetaja? Nilikuwa nikiwauliza huku natafuna, nao wananijibu huku wanatafuna.

Halafu ikaja ile asubuhi.

Nilikuwa juu ya mti mmoja mkubwa ulio kwenye mteremko, mti ambao nilikuwa nimeupanda mara nyingi na ningeweza kuuchora. Umande ulikuwa umekauka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa kwenye panda, mkono wa kushoto umeshika tawi, na wa kulia unachuma. Mguu ukaruka. Haukuteleza, uliruka wenyewe, kama mguu wa mbwa anayeota. Nikaurudisha, nikausemesha: tulia. Kulikuwa na vitone vyeupe pembeni mwa macho yangu, kama unga unapeperushwa.

Kisha nikawa nimeshika tawi kwa mkono wa kulia.

Sijui nielezeje. Nilikuwa nimeshika kwa kushoto, halafu nilikuwa nimeshika kwa kulia, na katikati hapakuwa na kitu. Sikukumbuka kubadilisha. Mfuko wa kiunoni ulikuwa umegeukia mgongoni. Mate yalikuwa yamenitoka yakafika kidevuni. Na chini mwenzangu alikuwa akipiga kelele.

"We! Wewe! Umekufa huko? Nimekuita mpaka koo limekauka!"

Sikuwa nimemsikia hata mara moja. Nilikumbatia shina kwa mikono na miguu, shavu likaegemea gamba, na nikawa siwezi kwenda juu wala chini. Niliangalia ardhi. Ilikuwa mbali, na ilikuwa na mawe niliyoyajua moja moja. Nilifikiri hivi: kile kitu kimenichukua mara moja na kunirudisha. Kikinichukua tena kabla sijafika kwenye tawi nene, hakitakuwa na mahali pa kunirudisha.

Nilishuka kama mzee anavyoshuka kitandani. Kila nilipoweka mguu nilijiambia kwa sauti: huu ni wa kulia, huu ni wa kushoto, mimi ni fulani, hapa ni Mikinduri. Nilipofika chini nilikaa kwenye rundo la majani ya mgomba nikilia bila sauti.

Mwenzangu alichuchumaa mbele yangu. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Alitoa sigara kwenye kofia yake, akaniwekea mkononi.

"Vuta moja," akasema. "Moja tu, mwili utulie. Hizo dawa utatupa. Mimi nimekuona siku zote ukivuta na hukuwahi kunifia juu ya mti."

"Kifua je?"

"Kifua kitakuua pole pole, ndugu yangu. Hii itakuua leo."

Alisema kweli. Nilikaa na ile sigara kati ya vidole, haijawashwa, na njia zote mbili zilikuwa na kaburi mwishoni, moja karibu, moja mbali kidogo. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake tayari. Lakini nilipoinusa ile sigara sikusikia kitu. Hamu haikuwepo. Dawa iliyokuwa inaniua ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa, na nilijua kwamba nikiwasha ile moja, nikaisaidia hamu kurudi, hakuna dawa nyingine itakayoniondoa. Nilimrudishia.

"Naenda Embu kwa daktari," nikasema.

"Nenda basi. Lakini chukua hiki cha njiani, usiende ukisinzia." Akanifungia kibunda kizuri cha miraa, kilichokuwa kimetengwa, kwa huruma. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Nilipofika Makutano ya Meru, kwenye kubadilisha gari, nilikuwa nimelowa jasho. Malori yalikuwa yanapiga honi, makondakta wanaita, na kila sauti ilikuwa inanigonga kwenye meno. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la vyombo. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, alinitazama kwa muda kisha akaniletea kiti na maji.

"Kijana, una malaria?"

"Sijui nina nini, mzee."

"Mikono yako inacheza. Tulia kwanza. Gari haziishi."

Nikajaribu kutulia. Na ili nitulie nikafungua kibunda, nikaanza kutafuna.

Nikikumbuka hapo sasa mwili unanisisimka. Sikuwa mlevi na sikuwa mjinga. Nilikuwa mtu mwenye hofu anayetafuta kitu anachokijua, na nilichokijua kilikuwa pale kwenye majani ya mgomba, kibichi, kimefungwa na rafiki. Nilitafuna karibu nusu yake. Moyo ukazidi. Nikazidi kutafuna.

Nilipofika Embu, daktari alikuwa anamalizia wagonjwa wa alasiri. Alipofungua mlango akaniona, hakunisalimu. Aliangalia shavu langu.

"Unatafuna nini?"

"Miraa."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza hapa hapa, dada yako amekaa pale. Ulisema huli muguka."

"Sili, daktari. Hii ni miraa."

Aliweka kalamu chini polepole. Nilingoja anigombeze na ningemshukuru. Badala yake alikaa, akanitazama, na nikaona kwamba ameogopa. Mtu akiogopa kwa ajili yako na amesomea hiyo kazi, huna tena pa kujificha.

"Tema," akasema. "Yote. Suuza mdomo."

Nilitema. Alinifunga kile kitambaa cha kupima presha, akakipuliza, akakifungua, akakifunga tena mkono wa pili. Kisha akaniuliza kazi yangu ni nini, swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza mara ya kwanza. Nikamwambia. Nikamwambia na ile asubuhi, mguu, vitone vyeupe, mkono uliobadilika.

"Juu ya mti," akasema.

"Juu ya mti."

"Sikiliza. Muguka na miraa ni mmea mmoja."

Hata katika hali ile nilibisha. "Si mmoja, daktari. Ule ni kichaka, huu ni mti. Ule ni majani. Hata ladha—"

"Huko Mikinduri bishaneni mpaka kesho. Kwa ubongo wako ni mmoja. Hii dawa niliyokupa inaamsha ubongo. Miraa nayo inaamsha ubongo. Hulali, umeacha sigara ghafla, na umeongeza kutafuna. Umeuwasha moto pande zote. Watu wanaanguka kifafa kwa hilo, watu ambao hawajawahi kuanguka."

"Na ile ya leo ilikuwa kifafa?"

"Sijui. Huenda ndiyo, huenda ni kukosa usingizi. Sitangoja uanguke ndipo nijue." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Nami nilipaswa kukuuliza unafanya kazi gani."

Walinilaza pale kwenye kitanda cha chumba cha sindano, mlango wazi ili nesi anione. Vidonge alivichukua. Alisema hivyo hatanirudishia tena, hata nikiacha miraa, kwa sababu kichwa kilichopotea mara moja hakichezewi. Alinipangia siku ya kupimwa kichwa kwenye hospitali kubwa. Alisema kuna njia nyingine, vibandiko vya kubandika kwenye ngozi ya mkono, vinavyotoa ile sumu ya sigara kidogo kidogo bila moshi, kisha vinapunguzwa. Na miraa, hakuna. Na miti, hakuna, mpaka yeye aseme.

Nilisikia yote hayo nikiangalia dari. Mtu mwingine angefarijika. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba kitu pekee kilichowahi kuniondolea sigara kimeingia kwenye droo ya daktari, na kwamba hamu sasa inajua njia iko wazi. Nilikuwa nimeogopa dawa wiki zote hizo. Sasa niliogopa kukaa bila dawa. Nikamuuliza kama hamu itarudi. Alisema ndiyo.

Dada alikuja kunichukua, amevaa gumbuti za shamba, hata hakubadilisha. Daktari alimweka kando, akamwonyesha kitu kwa mikono, namna ya kumlaza ubavu mtu aliyeanguka kifafa. Dada akawa anaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha tukaenda Kanja.

Na hamu ilirudi. Ilirudi kwa miguu miwili, yenyewe, ikiwa na njaa. Mwili ambao nilikuwa nimeulisha sigara, vidonge na miraa ulikuwa umebaki na kibandiko kwenye mkono. Siku za kwanza nililala kama mfu mchana, na nikiamka nilikuwa mzito, mwenye hasira, nikigombeza hata kuku. Kisha usingizi ukaanza kukaa sawa, nikaweza kushika jembe.

Tulikuwa tunapalilia katikati ya kahawa. Shamba la dada ni kubwa kiasi cha kila mtu kuwa na mstari wake upande wake. Lakini kila nilipoinua kichwa, alikuwa pale, mstari wa pili, amelima sehemu ambayo alikuwa ameshailima jana.

"Unaniangalia nini?" nikamwuliza.

"Naangalia kama utaanguka."

"Na nikianguka?"

"Nitakulaza ubavu kama daktari alivyosema. Ukiamka nitakupiga."

Nikacheka, na katikati ya kicheko ikanishika. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likatoka, kifua kikabana. Sikujua ni hamu au ni kile kitu cha juu ya mti. Vinafanana mwanzoni, na hakuna aliyekuwa ameniambia namna ya kuvitenganisha. Jembe likanitoka. Nilikaa kwenye udongo.

Kungekuwa na sigara mahali popote katika shamba lile ningeivuta, na sitasema vinginevyo. Jirani ng'ambo ya kijito alikuwa akivuta, niliona moshi. Ningeweza kupaza sauti.

Dada alikuwa ameshatupa jembe lake. Alinilaza kichwa kwenye mapaja yake, uso umegeukia upande, mkono wake mmoja chini ya taya langu, mkono wenye udongo na harufu ya kahawa mbichi. Nilisikia moyo wake unapiga kuliko wangu. Hakuomba, hakuita mtu. Alishika tu. Nilihesabu pumzi, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilingoja ile nafasi tupu ije inichukue, nikaangalia majani ya kahawa juu yangu ili nijue kama yatabadilika bila mimi kuona.

Hayakubadilika. Yalikuwa yale yale, na mdudu yule yule alikuwa anatembea kwenye jani lile lile. Mtetemeko ukapungua polepole.

"Mimi ni nani?" dada akauliza.

"Wewe ni dada yangu."

"Hapa ni wapi?"

"Kanja. Kwa kahawa."

Aliinama, akaokota kitu kwenye udongo, akakiinua mbele ya macho yangu.

"Na hii ni nini?"

"Jembe."

"Basi lishike," akasema, lakini mkono wake mwingine haukuniachilia bado.